Mama hajawahi kuona bahari: laki tatu na nusu inatosha Unguja kwa watu wawili?

Mwalimu_wa_Kondoa

Wakuu, salaam. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nipo Kondoa. Likizo ya mwezi wa sita nataka kumpeleka mama yangu Unguja. Ana miaka sitini na minne na bahari hajaiona hata siku moja. Dar alifika mara moja tu, mwaka niliojifungua: stendi hadi hospitali, hospitali hadi stendi. Ameshafika mji wenye bahari akaondoka bila kuiona, na jambo hilo limenikaa moyoni miaka yote.

Mwaka jana tulikuwa tunapukuchua mahindi huku redio inaongea. Mtangazaji akataja wavuvi na maji kupwa na kujaa. Mama akaacha gunzi mkononi, akaniuliza, "Hayo maji yakiondoka, yanakwenda wapi?" Nafundisha sayansi darasa la sita, kwa hiyo nikamweleza habari ya mwezi na mvutano wake. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, kisha akasema, "Nimekuelewa. Lakini ningependa kuona."

Basi la kutoka huku mpaka Dar na boti ya kwenda na kurudi kwa watu wawili nimeshazitenga, hazimo kwenye hesabu hii. Nabaki na laki tatu na nusu ya kulala, kula na kuzunguka. Tutalala huko siku tatu. Niliulizia kwa watu wa utalii, na matembezi ya siku moja tu waliyonitajia yangemaliza karibu hela yote.

Goti la kushoto la mama linamsumbua. Anatembea, ila taratibu, na ngazi nyingi hawezi. Ni mtu wa swala tano. Hatuhitaji hoteli yenye bwawa wala muziki. Nataka aione bahari sawasawa, auone mji wa zamani, ale vizuri, turudi. Je, inawezekana, au nijichange hadi mwakani?

Mtu_wa_Ilemela

Mwalimu, nenda mwaka huu. Mama wa miaka sitini na minne hasubirishwi.

La muhimu ni kwamba pesa inaweza kuliwa bandarini kabla hujafika mjini. Mimi na mke wangu tuliposhuka, kijana alilipokea begi kabla hatujasema neno, akatuambia gesti tuliyoitaka imejaa, akatupeleka kwingine. Tulilala pale siku mbili. Siku ya kuondoka tukapita kwenye ile gesti ya kwanza, mwenye nyumba akatuambia vyumba vilikuwepo na bei ilikuwa nusu ya tuliyolipa. Iliniuma sana, maana ile tofauti ndiyo iliyotukosesha kwenda shamba, yaani vijiji vya nje ya mji.

Kwa hiyo panga chumba kwa simu ukiwa bado Dar, ongea na mwenye nyumba mwenyewe, uwe na namba yake. Ukishuka, shika begi lako, mshike mama mkono, toka getini moja kwa moja.

Konda_309

Mwalimu, mama mpe shikamoo yangu. Nimezaliwa Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki, na nimefanya ukonda gari ya 309, Mjini–Jambiani, miaka kumi na moja. Nimepakia wazungu wa mabegi makubwa, bibi harusi, mbuzi, na magunia ya mwani yasiyo na hesabu. Laki tatu na nusu inatosha.

Nianze na lile swali la mama, maana ndilo litakalokupangia safari yote. Wageni wengi huja Unguja wakazipanga siku zao kwa saa ya mkononi. Kwetu pwani ya mashariki siku hupangwa na maji. Mbali na ufukwe kuna mwamba mrefu unaovunja mawimbi, utaona mstari mweupe wa povu, na baina ya mwamba ule na nchi kavu pana uwanda wa mchanga usio na kina. Wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji yakipwa, uwanda ule wote unabaki wazi, unatembea kwa mguu kilomita nzima mahali ambapo jioni mashua inapita na tanga lake. Kimo cha maji baina ya kupwa na kujaa kinatofautiana kwa karibu mita nne. Ukija maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hayatoki sana wala hayaji sana, na mama atarudi Kondoa hajaona alichokifuata.

Kabla hujakata tiketi, tazama mwezi. Siku ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo na siku mbili tatu zinazofuata, kwetu maji hupwa kabisa baina ya saa nne na saa sita mchana, yakajaa baina ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni. Kila siku yanachelewa kwa kadiri ya dakika hamsini. Ukizilenga siku hizo, mama ataiona bahari ikiondoka asubuhi na ikirudi jioni ya siku ile ile, amekaa pahala pamoja chini ya mkungu, na hakuna wa kumdai kiingilio.

Tena bamvua ndiyo siku za mwani. Mwani ulianza kulimwa kwetu mwaka 1989, Paje na Jambiani, na wakulima karibu wote ni kina mama. Wanapigilia vijiti mchangani, wanavuta kamba kijiti hadi kijiti, na juu ya kamba wanafunga mbegu moja moja. Ukishakua huvunwa, ukaanikwa, ukauzwa nje, huko huingia kwenye dawa ya meno, aiskrimu na mengineyo. Mama akitaka kuwakaribia, aende, wataongea. Ila msikanyage kamba zao, na usimpige mtu picha kabla ya kumuomba. Wale wamo kazini, na wamechoka kupigwa picha wameinama kama kwamba ni ndege.

Vaeni viatu vya plastiki vya kufunga. Kuna wale wadudu weusi wa miiba mirefu kwenye mashimo ya mawe, na mwiba wake ukiingia kisiginoni safari ya mama imekwisha. Na maji yakigeuka, geukeni nanyi. Hayaji kama ukuta, yanaingia kwanza kwenye vijito, na mtu asiyejua hujikuta nyuma yake kumeshajaa na mbele bado pakavu.

Gari. Jambiani ni 309. Bwejuu ni 324 na Makunduchi 310, na zote hizi tatu zinapita Jozani. Nungwi ni 116. Stendi za gari za shamba zimehamishwahamishwa miaka hii, kwa hiyo asubuhi hiyo muulize mwenye nyumba unapolala gari zinapakilia wapi, usimuulize mwenye teksi. Nauli ya dala haivuki elfu chache. Teksi hadi Jambiani ingekula hela yako ya kulala yote.

Kuhusu goti: gari za zamani tunazoziita chai maharage zina mabenchi ya mbao yanayotazamana na paa la chini, unaingia umeinama. Hizo mama asipande. Subirini basi dogo la viti, na kabla halijajaa mwambieni konda, "Mama ana goti, tunaomba kiti cha mbele." Nakuhakikishia atampa. Hakuna konda wa shamba atakayemkatalia mama mtu mzima. Begi litapanda juu kwenye keria, vitu vya thamani mbaki navyo. Usiingoje gari ya usiku. Jua likizama, gari za shamba zinakwisha.

Jozani mshuke njiani. Ni msitu wa hifadhi ya taifa, na ndani yake wamo kima punju, mgongo mwekundu, uso mweusi, nywele nyeupe zimesimama kichwani. Duniani kote wanaishi Unguja, ukiacha wachache waliopelekwa Pemba. Hawaogopi watu, watakupitia juu ya kichwa. Wanakula mkaa! Wataalamu wanasema unawasaidia na sumu iliyomo kwenye majani ya miembe na mikungu wanayoyala. Wanakijiji walikuwa wakiacha mkaa nje unapungua, wakidhani ni wezi. Raia analipa kwa shilingi, sehemu ndogo tu ya anachotozwa mgeni wa nje, basi chukueni vitambulisho vyenu vya NIDA. Kuna na njia ya mbao ndani ya mikoko, tambarare, mama ataiweza.

Kuona pomboo kule Kizimkazi sikushauri. Boti hukodiwa nzima, na mara nyingi boti huwazingira wale wanyama hata wakakosa pa kupumua. Nimeliona mwenyewe na silipendi. Kisiwa cha Changuu chenye makobe kizuri, lakini kupanda na kushuka kwenye boti ndogo na goti lile, hapana.

Kulala Jambiani, tafuta nyumba ya mwenyeji isiyo na bwawa. Mwanzoni mwa mwezi wa sita wageni wa nje bado hawajamiminika, bei zinaongeleka. Piga simu, ongea Kiswahili chako cha bara, uliza bei kwa shilingi. Na umchukulie mama mtandio mzito, kusi linavuma mwezi huo na asubuhi pwani kuna baridi.

Binti_wa_Kikwajuni

Mwalimu, karibuni sana. Konda amemaliza habari za shamba, mie niseme za mjini, maana nimekulia hapa.

Siku ya kwanza mkifika msizunguke jua kali. Laleni, mama apumzishe goti, mtoke baada ya alasiri. Mji Mkongwe hauna kiingilio. Ni mitaa ya watu, mnatembea tu, na nyumba nyingi zina baraza ya mawe mlangoni. Akichoka akae, hakuna atakayemfukuza. Muoneshe milango. Ule wa juu mraba wenye maandishi ya Kurani ndio wa Kiarabu, ule wa upinde wenye njumu za shaba ni wa Kihindi. Kwenye miimo watazame nakshi ya mnyororo, ya samaki na ya yungiyungi.

Mitaani mtaandamwa na papasi, hao vijana wa kujitolea kuwaonesha njia. Sema "ahsante, sie wenyeji" na mwende. Mkipotea, muulizeni mama yeyote aliyekaa barazani. Mtapotea, lakini mji ni mdogo, ukifuata upepo wa baharini unatokea Forodhani, bustani ya ufukweni.

Ngome Kongwe ingieni, wala hamtozwi kitu kuona uwanja wa ndani. Waarabu wa Oman waliijenga baada ya kumtoa Mreno mwaka 1698. Pembeni yake ni Beit al-Ajaib, nyumba ya Sultani Sayyid Barghash ya mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 upande wake mmoja uliporomoka. Nilisikia mshindo nikiwa nyumbani, na nililia kama nimefiwa. Itazameni kwa nje.

Mkunazini nendeni hata kama kuna kiingilio. Hapo ndipo palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873, na Kanisa la Anglikana likajengwa juu yake. Uwanjani kuna shimo lenye sanamu za watu wamefungwa minyororo shingoni. Vile vyumba vya chini vina ngazi na dari la kuinamia, mama asishuke, sanamu zinatosha. Waliouzwa pale wengi walitoka bara, na mie nadhani mtu wa bara ana haki ya kusimama hapo.

Kula: Forodhani usiku nendeni mkaangalie, taa zimewashwa, vijana wanajirusha majini, mnywe juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Lakini mle kabla. Bei za pale ni za mgeni, na samaki akikaa nje tangu jioni simwamini. Asubuhi kuleni kwenye vibanda vya mitaani, chai ya maziwa, mbaazi za nazi, mkate wa boflo au chapati. Mchana urojo. Mwalimu, usiondoke hujampa mama urojo! Ni mchuzi mzito wa unga na manjano, mkali kwa embe na ndimu, ndani yake mna viazi, kachori, bajia, mishikaki, yai, juu chipsi za muhogo zilizokunwa nyembamba na chatine ya nazi. Ukiwa wa pilipili kali mwambie atoe, huwa wanaweka kando. Jioni piteni sokoni Darajani mle pweza na muhogo wa kuchoma. Popote pale ulizeni bei kabla sahani haijashikwa.

Mkiwa na nusu siku ya ziada, pandeni 502 ya Bububu, ni nauli ya mjini tu. Njiani kuna magofu ya Maruhubi, zimebaki nguzo, na mbele yake Mtoni, alikozaliwa Sayyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, mwaka 1844. Ufukweni pale mama anaweza kukaa peke yake na bahari bila mtu kumuuzia kitu.

Mwalimu_wa_Kondoa

Nimesoma yote, nimemsomea na mama. Ametaka nimrudie mara mbili pale pa bahari kuondoka asubuhi na kurudi jioni. Tarehe nimebadilisha, tutasogea siku nne mbele ili mwezi mpevu utukute mjini na siku inayofuata tuwe Jambiani. Maswali mawili. Boti ya kurudi ni saa kumi jioni, je, nikilala Jambiani usiku wa mwisho nitawahi? Na choo cha kukaa nitapata kwa bei hiyo? Kuchuchumaa hawezi.

Konda_309

Utawahi vizuri. Gari zinaanza alfajiri, panda ya saa mbili au saa tatu asubuhi, saa sita uko mjini unakula. Ila usingoje ya mchana, gari ikiharibika njiani utaitazama boti ikiondoka.

Choo cha kukaa kipo sehemu nyingi zinazopokea wageni, hata za bei ya chini. Uliza hilo kwenye simu kabla ya bei. Na uliza chumba cha chini, usikubali cha ghorofani.

Mwalimu_wa_Kondoa

Tumerudi, nawapa mrejesho, maana bila nyie tusingefika.

Hesabu kwanza. Mjini tulilala usiku mmoja kwa elfu arobaini, vitanda viwili na feni. Jambiani usiku mbili, elfu thelathini na tano kila mmoja, chumba cha chini, choo cha kukaa, na chai ya asubuhi mwenye nyumba alitupa bila kutudai. Dala na bajaji zote elfu ishirini na nane. Chakula elfu tisini na sita, na humo mna elfu kumi na tano niliyolipa Forodhani kwa sahani moja ya mishikaki, kwa kuwa sikuuliza bei kama nilivyoambiwa. Viingilio elfu ishirini na nne. Viungo na kanga moja ya mama elfu ishirini na mbili. Jumla laki mbili na elfu themanini. Nimerudi na elfu sabini.

Boti ilimtisha kidogo ilipotoka nje ya bandari ya Dar, akanishika mkono, halafu akalala. Kwa hiyo bahari kwa mara ya kwanza aliipita akiwa usingizini. Nilisikitika, lakini sikumwamsha.

Mkunazini alisimama kwenye lile shimo muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Aliniuliza watu hawa walitembea siku ngapi kutoka kwetu mpaka pwani. Nikamwambia ni miezi, wengine na pembe za ndovu kichwani. Akasema, "Sisi tumekuja na basi siku moja, na mimi nimelalamika goti." Hakusema tena mpaka tulipofika barazani pa nyumba moja, akaketi, akamsomea dua mtu asiyemjua jina. Binti, ahsante kwa kutuelekeza pale.

Urojo alikula bakuli mbili.

Gari tulingoja ya viti kama Konda alivyosema. Nilimwambia kijana wa gari yale maneno yale yale, na kabla sijamaliza alishamtoa rafiki yake kwenye kiti cha mbele. Jozani tulitembea nusu tu ya njia, mama akachoka, ila kima punju walishuka mpaka chini, mmoja ana mtoto kifuani, wamekaa kwenye mti kama hatua tano kutoka kwetu. Mama hakuwapenda sana. Huku kwetu nyani wanamaliza mahindi, kwake kima ni kima.

Sasa Jambiani. Tulifika jioni, maji yamejaa. Alikaa kwenye mchanga na mtandio wake hadi giza, hakutaka hata kwenda kula. Asubuhi nilimkuta ameshatoka. Saa mbili maji yalikuwa yameanza kuondoka, na yeye alikuwa amechomeka kijiti pale yalipoishia, kila baada ya muda anasogea anachomeka kingine. Ilipofika saa nne unusu alikuwa na mstari wa vijiti kumi na viwili, na bahari ipo mbali, mstari mweupe tu. Mchanga ulibaki na mistari midogomidogo kama shamba lililopigwa reki, na kati ya mistari maji ya vuguvugu yanafika kwenye vifundo vya miguu. Tukatembea. Goti halikulalamika, nafikiri mchanga ule ni laini kuliko njia zetu za mawe.

Tukawafikia kina mama wa mwani. Mmoja, umri wa mama au anamzidi, alikuwa amekaa ndani ya maji yanayomfika kiunoni, mguu mmoja ameunyoosha, anafunga mbegu kwenye kamba. Vidole vyake vimekunjamana na kupauka kwa maji, lakini fundo anafunga bila kutazama: anapitisha, anazungusha, anavuta, anasogea. Mama alimwamkia, wakaulizana watoto, wakaulizana magoti. Yule mama akamwambia lake ni la kulia. Mama akauliza mwani mmoja unakua kwa muda gani, akaambiwa wiki sita hivi, akasema basi ni kama mchicha wenye subira. Halafu akakunja gauni lake, akachutama kwa shida, akaanza kufunga. Fundo lake la kwanza lilifunguka. La tatu lilishika. Alifunga kama ishirini, mimi nimesimama nimeshika viatu. Sikupiga picha.

Yule mama ndiye aliyetuambia maji yamegeuka. Sisi hatukuona chochote. Alikusanya kamba zake, akasema "Twendeni," na njiani ndipo nilipoona vijito vinavyotembea kuelekea nchi kavu, vyembamba, vina povu, kama Konda alivyoeleza.

Mchana kutwa mama alikaa chini ya mkungu akihesabu vijiti vikizama. Kulikuwa na ngalawa tuliyoiegemea asubuhi wakati anafunga viatu, imelala ubavu juu ya mchanga mkavu. Saa kumi na moja jioni ilikuwa inaelea, inavuta kamba yake, na wavulana wanaogelea kuizunguka. Mama akaiangalia, akaniangalia, akasema, "Ile ile." Nikamjibu, "Ile ile, mama."

Alfajiri ya siku ya kuondoka maji yalikuwa yamejaa tena, yamefika ngazi ya mwisho ya nyumba tuliyolala. Sikujua kwamba ametoka. Nilimkuta kwenye ngazi hiyo, kusi linampeperusha mtandio, anachukua udhu kwa maji ya bahari. Aliposukutua alishtuka na chumvi, akasimama kidogo, kisha akaendelea mpaka miguu.

Konda, nakuomba jambo moja. Mama anauliza bamvua za mwezi wa kumi na mbili zinaangukia tarehe ngapi. Ana dada yake yupo Bereko, naye hajaiona bahari, na elfu sabini iliyobaki amenikataza kuigusa.